Chema Hakijiuzi: Nguvu za Filamu za Mataifa na Fursa Iliyopuuzwa ya Kiswahili

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyeitunga methali hii bila shaka hakuwa mfanyabiashara wa filamu. Katika soko la filamu, kazi njema isiyokuwa na njia ya kumfikia mtazamaji hukaa kabatini hadi ikasahaulika, ilhali kazi hafifu yenye njia pana hutazamwa kutoka Kisumu hadi Kigali. Jambo hili halina budi kukumbukwa kila mjadala unapozuka kuhusu sababu za filamu za Kenya kutoweza kushindana na zile za Marekani, India, Nigeria na Korea Kusini. Aghalabu wajadili huhitimisha kwa neno moja tu: fedha. Husemwa kwamba Kenya haina mitaji, haina mitambo ya kisasa, wala haina studio za kujivunia.

Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Ukichunguza tasnia za filamu zilizofanikiwa, utaona kwamba kila moja ilianza kwa kuwa na hadhira yake ya nyumbani, ikaifikia hadhira hiyo kwa njia iliyoidhibiti yenyewe, na mara nyingi ikazungumza nayo kwa lugha inayoishi vinywani mwa watu. Fedha zilifuata baadaye. Kenya imekuwa ikienda kinyume: hutafuta mgeni kwanza, kisha ndipo imkumbuke mwenyeji. Isitoshe, mbegu ya hadhira ya nyumbani ipo tayari katika lugha ya Kiswahili, ila imedharauliwa.

Marekani: Soko la Nyumbani Kwanza

Hollywood husifiwa kwa ustadi wa mitambo na umaarufu wa waigizaji wake. Sifa hizo ni za kweli. Mgala muue na haki umpe. Hata hivyo, mhimili wa nguvu zake ulikuwa mahali pengine. Katika miaka ya 1930 na 1940, kampuni kubwa kama vile Paramount na Warner zilishika hatua zote tatu za biashara hii: zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zikazionyesha katika majumba zilizoyamiliki zenyewe. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliuona kuwa unakiuka sheria za ushindani, na kampuni hizo zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema.

Kufikia wakati huo, hata hivyo, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Filamu ya Kimarekani ilirejesha sehemu kubwa ya gharama zake kwa watazamaji wa nyumbani. Ilipouzwa ng'ambo, mapato mengi yalikuwa faida, na kwa sababu hiyo iliweza kutolewa kwa bei ambayo mtayarishaji wa nchi ndogo asingeimudu kamwe. Serikali nayo haikukaa kando. Ufaransa ilipohitaji msaada wa kifedha baada ya Vita Vikuu vya Pili, mapatano ya Blum na Byrnes ya mwaka 1946 yalizifungulia filamu za Kimarekani milango ya majumba ya sinema ya Wafaransa. Ni dhahiri basi kwamba anayesema Hollywood ilishinda kwa uzuri wa filamu zake pekee anasimulia nusu ya hadithi.

India: Lugha Nyingi, Hadhira Nyingi

Nchini India, Dadasaheb Phalke alionyesha filamu ya Raja Harishchandra mwaka 1913, wakati ambapo filamu hazikuwa na sauti. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilitokea mwaka 1931. Ujio wa sauti ungeweza kuivunja tasnia hiyo vipande vipande, kwani nchi hiyo ina lugha nyingi mno. Kilichotokea ni kinyume. Kila lugha kubwa ilijijengea tasnia yake: Kihindi mjini Mumbai, Kitamil mjini Chennai, Kitelugu mjini Hyderabad, Kibengali mjini Kolkata. Kile kinachoitwa Bollywood, ambacho wengi hudhani ndicho filamu zote za India, ni sehemu moja tu ya jamii hiyo pana. Wimbo uliotwaa tuzo ya Oscar mwaka 2023, “Naatu Naatu” wa filamu RRR, uliimbwa kwa Kitelugu wala si kwa Kihindi au Kiingereza.

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa nguvu za filamu hizi. Kwa miongo mingi watazamaji wa Mombasa, Lamu na Unguja walijaza majumba ya sinema kuzitazama, na wengi wao hawakuelewa hata neno moja la Kihindi. Walizifuata kwa nyimbo, kwa machozi, na kwa migogoro ya mapenzi na heshima ya ukoo waliyoitambua kuwa yao. Baadhi ya mahadhi hayo yaliingia hata katika taarabu. Funzo lililopo ni kwamba filamu za India hazikutungwa kwa ajili ya kumpendeza mtazamaji wa Mombasa. Zilitungwa kwa ajili ya Mhindi, na kwa kuwa zilimgusa Mhindi kwa dhati, zikamgusa na Mswahili.

Nigeria: Kutoka Jukwaani hadi Sokoni

Mfano wa Nigeria ndio unaopaswa kuwakera zaidi wale wanaosingizia ufukara. Katika miaka ya 1980 uchumi wa nchi hiyo ulidorora, thamani ya naira ikaporomoka, na gharama ya kupiga filamu kwa utepe wa sinema ikawa haikamatiki. Watu waliacha kwenda kwenye majumba ya sinema usiku kwa kuhofia usalama wao. Katika hali hiyo ndipo mfanyabiashara Kenneth Nnebue alipotoa Living in Bondage mwaka 1992. Filamu hiyo ilirekodiwa kwa video, ikauzwa kwa kaseti, na wahusika wake walizungumza Kiigbo. Njia yake ya kumfikia mtazamaji haikuwa jumba la sinema bali soko: vibanda vya Idumota mjini Lagos, na maduka ya Onitsha na Aba, ambako kaseti tayari ziliuzwa pamoja na redio na vifaa vingine vya umeme.

Lakini hadhira ya Nigeria haikuzaliwa mwaka 1992. Miongo mingi kabla yake, Hubert Ogunde na wenzake walikuwa wakizunguka miji na vijiji vya Wayoruba wakiigiza michezo jukwaani kwa lugha ya watu. Vikundi hivyo vya kusafiri vilijenga watazamaji waliozoea kulipa kiingilio ili kuona hadithi zao. Ogunde alipoitoa filamu ya Aiye mwaka 1979, watazamaji hao walimfuata kutoka jukwaani hadi kwenye kiwambo. Utafiti wa shirika la UNESCO kuhusu mwaka 2006 ulionyesha matokeo ya historia hiyo: India ilitoa filamu 1,091, Nigeria 872 za video, na Marekani 485. Aidha, zaidi ya nusu ya filamu hizo za Nigeria, takriban asilimia 56, zilikuwa kwa lugha za Kiafrika, hasa Kiyoruba na Kihausa.

Ni kweli kwamba wingi si ubora. Nyingi za filamu hizo zilifanywa kwa pupa, na uharamia wa kunakili kaseti uliwapokonya watayarishaji jasho lao. Hata hivyo, wingi huo uliwapa waigizaji, waandishi na waongozaji mahali pa kujifunzia kazi huku wakilipwa. Hakuna shule ya filamu inayoweza kutoa mafunzo ya aina hiyo.

Korea Kusini na Ufaransa: Mkono wa Serikali

Mtu anaweza kusema kwamba Marekani na India zina watu wengi, na Nigeria vilevile. Nchi ndogo ifanyeje? Korea Kusini inatoa jibu. Baada ya kampuni za Marekani kuruhusiwa kusambaza filamu zao moja kwa moja nchini humo mwishoni mwa miaka ya 1980, sehemu ya soko iliyokuwa mikononi mwa filamu za Kikorea iliporomoka hadi takriban asilimia 16 mwaka 1993. Kufikia mwaka 2006 ilikuwa imepanda na kupita asilimia 60.

Mambo kadhaa yalichangia mabadiliko hayo. Sheria iliyalazimu majumba ya sinema kuonyesha filamu za nyumbani kwa siku 146 kila mwaka, na watayarishaji waliitetea sheria hiyo barabarani, wengine wakinyoa vichwa kwa kupinga ilipotishiwa. Siku hizo zilipunguzwa kuwa 73 mwaka 2006, baada ya tasnia kuwa imekwisha kusimama. Mwaka 1996 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kukagua na kukata filamu kabla ya kuonyeshwa ni kinyume cha katiba, na waandishi wakapata uhuru wa kusimulia machungu ya nchi yao. Mwaka 1999 filamu ya Shiri iliishinda Titanic kwa idadi ya watazamaji nchini humo. Mwaka 2020 Parasite, iliyozungumza Kikorea tangu mwanzo hadi mwisho, ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa Oscar ya filamu bora.

Ufaransa nayo ilitumia mbinu nyingine. Kwa kupitia taasisi yake ya sinema, CNC, iliyoundwa mwaka 1946, hutoza kodi kwenye kila tiketi, na mapato hayo husaidia kugharimia filamu za Kifaransa. Kwa hivyo, Mfaransa anayekwenda kutazama filamu ya Hollywood huwa anachangia filamu ijayo ya Kifaransa. Hapo serikali haikumfungia mgeni mlango. Ilimtaka tu alipe ada ya kupita.

Kenya: Mandhari Yanayouzwa kwa Wageni

Kenya ilijulikana katika ulimwengu wa filamu kwa mandhari yake kabla ya kujulikana kwa hadithi zake. Out of Africa, iliyopigwa nchini na kutolewa mwaka 1985, ilizoa tuzo saba za Oscar. Mwaka uliofuata Sao Gamba alitoa Kolormask, na mwaka 1992, ule ule wa Living in Bondage, Anne Mungai akatoa Saikati. Hazikufuatwa na wimbi la filamu kama lile la Lagos. Tume ya Filamu ya Kenya iliundwa mwaka 2005, na miongoni mwa majukumu yake ni kuinadi nchi kwa watayarishaji wa kigeni. Kazi hiyo ina faida zake, kwa maana mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni anayekuja kupiga picha za twiga na machweo huondoka na filamu yake, na faida kubwa humfuata huko aendako. Wakati huohuo, kijana wa Nairobi anayetaka kupiga filamu yake kwanza hukabiliwa na leseni zinazodaiwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Vipaji havijakosekana. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 na Supa Modo ya mwaka 2018 zilithibitisha hilo, na zote mbili zilizungumza kama wanavyozungumza watu wa mitaani, Kiswahili kikichanganyika na Sheng na lugha nyinginezo. Mitaa ya River Road imetoa vichekesho kwa Kikikuyu na kuviuza kwa santuri mikononi mwa wasafiri. Hali kadhalika, sauti ya DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani juu ya mazungumzo yake ya asili, ilijaza vibanda vya video kote nchini. Mtazamaji aliyelipa ili asikie kisa cha Hong Kong kwa Kiswahili alikuwa akitoa tamko la wazi kuhusu anachokihitaji. Watayarishaji wengi hawakulisikia. Wachina walilisikia: mwaka 2011 tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa katika televisheni ya taifa ya Tanzania ikiwa na sauti za Kiswahili, na ikapendwa sana.

Mbegu Iliyomo Shuleni

Kuna hadhira moja ya Kiswahili nchini Kenya ambayo wataalamu wa filamu huipuuza. Kila mwaka, vikundi vya waigizaji huzunguka shule za upili vikiigiza vitabu vilivyoteuliwa kwa mtihani wa fasihi. Kwa njia hii Mstahiki Meya, Kigogo na Bembea ya Maisha zimeigizwa katika mabwalo yasiyohesabika, na hata riwaya kama Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri zikageuzwa kuwa michezo. Wanafunzi hulipa kiingilio, huketi kwa saa nyingi, hucheka, hulia, na huondoka wakiyajua maneno ya wahusika kwa moyo.

Vikundi hivi hudunishwa kwa kuitwa vya kukaririsha mtihani. Ukweli ni kwamba vina kila kitu ambacho vikundi vya Ogunde vilikuwa nacho: hadhira inayolipa, lugha inayoeleweka nchi nzima, hadithi zilizopitia kalamu za waandishi hodari, na njia ya usambazaji inayopita shule hadi shule bila kumtegemea mgeni. Kinachokosekana ni hatua ya pili, ile ya kumfuata mtazamaji huyo baada ya kumaliza kidato cha nne. Siku anapotoka shuleni, mtu aliyelipia tamthilia ya Kiswahili kwa miaka miwili hukuta hakuna anayemuuzia nyingine, hivyo hugeukia Lagos, Mumbai au Seoul.

Hatua hiyo inawezekana. Mwaka 2021 Amil Shivji wa Tanzania alitoa filamu ya Vuta N'Kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi inayojulikana vyema kwa wanafunzi wa Kiswahili. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka huohuo, kisha Tanzania ikaiteua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar. Riwaya iliyosomwa darasani ilisafiri hadi Kanada bila kuacha lugha yake.

Pingamizi Mbili

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho kinachofungua milango ya dunia, na kwamba filamu za Nigeria ziliingia Kenya kwa sababu zilizungumza Kiingereza. Hoja hii ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, Kiingereza hicho kilijengwa juu ya msingi uliokuwa umewekwa tayari na filamu za Kiyoruba na Kiigbo. Isitoshe, mwaka 2019 filamu ya Nigeria, Lionheart, iliondolewa katika kuwania Oscar ya filamu za kimataifa kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa kwa Kiingereza. Tena Kiyoruba hakivuki mipaka mingi; Kiswahili kimekwisha kuivuka. Filamu ya Kiswahili ina watazamaji wake Bujumbura, Goma, Dodoma na Mombasa kabla hata ya kutafsiriwa.

Wengine watatoa mfano wa Tanzania yenyewe. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, filamu za Bongo zilivuma, na Steven Kanumba akawa jina la nyumbani katika nchi kadhaa hadi alipofariki mwaka 2012. Baadaye soko la santuri lilififia. Je, Kiswahili hakikutosha? La, hakikutosha, na makala haya hayadai kwamba kinatosha. Watayarishaji wa huko walilalamika kwamba usambazaji ulikuwa mikononi mwa wachache walionunua haki zote kwa malipo ya mara moja, na uharamia ukala kilichobaki. Hadhira na lugha zilikuwapo, lakini njia ilikuwa ya mtu mwingine. Ndiyo sababu nguvu hizi tatu hazina budi kwenda pamoja.

Hitimisho

Yanayohitajika si miujiza. Serikali inaweza kuiga Ufaransa kwa kutenga sehemu ya kodi inayotozwa filamu za kigeni, hata zile zinazotazamwa kwa mtandao, ikaipeleka kwenye filamu za Kiswahili na lugha nyingine za nchi. Kaunti zinaweza kufungua kumbi zao za mikutano mwishoni mwa juma ili filamu hizo zionyeshwe kwa kiingilio ambacho mwananchi anakimudu. Vikundi vya shuleni vinapaswa kuafikiana na waandishi na wachapishaji kuhusu haki za kazi zao, kisha vithubutu kuzirekodi kwa ustadi. Vyuo vikuu navyo vifundishe uandishi wa miswada ya filamu na utafsiri wa mazungumzo yake katika idara za Kiswahili, ili mhitimu asibaki kusubiri ualimu pekee.

Muda si mwingi. Mtaala wa 8-4-4 unafikia ukingoni, na mtihani wake wa mwisho wa kidato cha nne unatarajiwa mwaka 2027. Mtaala wa umilisi unaouchukua nafasi yake una mkondo wa sanaa na michezo, na unaweza ama kuikuza hadhira ya shuleni au kuitawanya. Waamuzi wa jambo hilo wasipoitambua hadhira hiyo kuwa mtaji wa tasnia nzima, vikundi vinavyozunguka na mapazia na mavazi yao kwenye mabasi vitakosa pa kwenda, na Kenya itabaki kuwakodishia wengine mandhari yake. Wazee walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.